Kumpelekea Mama Vipepeo Kabalo

Rafiki zangu wa kikao chetu cha kusomeana cha Jumamosi, tangu nirudi mmenipa kiti na kunyamaza, mkingoja niseme mwenyewe. Juzi mmoja wenu akashindwa kuvumilia: "Feza, ulimukuta mama yako ao hukumukuta?" Nikajibu kwamba nilimkuta, kisha nikafungua kitabu nikajifanya nasoma. Kitabu chenyewe nilikishika kichwa chini, nanyi mliona, mkaniacha. Basi naandika. Habari za tikiti na karatasi za ruhusa naziruka, kila mtu wa Zaire hii anazijua.

Kalemie, nyuma ya nyumba

Mliowahi kufika kwetu, kule mlimani juu ya stesheni, mnaijua mimea ya Papa nyuma ya jiko. Wageni hudhani ni uvivu wa kupalilia. Majani yake ni mazito, ukiyavunja yanatoa maziwa meupe yanayounguza jicho, na mbuzi hapiti karibu. Ndiyo chakula cha viwavi vyake. Kiwavi hunywa sumu ile tangu siku ya kwanza, akawa kipepeo aliyejaa uchungu, na ndege akimwonja mara moja humtema na hamgusi tena maisha yake yote.

Kabla ya uhuru Papa alifanya kazi kwa Mzungu mmoja aliyekusanya vipepeo kando ya ziwa. Mzungu yule alikuwa na droo tatu. Ya kwanza ilikuwa ya vipepeo wa rangi ya tofali wenye ncha nyeusi na mkanda mweupe. Ya pili, wale wasio na ncha nyeusi, tofali tupu. Ya tatu, wale ambao mabawa yao ya nyuma ni meupe kama unga. Droo tatu, majina matatu ya Kilatini, karatasi tatu zilizoandikwa kwa wino. Papa ndiye aliyelisha viwavi, naye akaona kwamba mama mmoja, katika kizimba kimoja cha chandarua, anataga mayai, na watoto wake wanakwenda droo zote tatu. Alipomwambia bwana wake, bwana alicheka akasema: umechanganya vizimba.

Papa hakubishana. Mzungu alipoondoka, alivianza vizimba vyake mwenyewe, na kila mwaka akaona lilelile. "Ni watoto wa tumbo moja," alikuwa akiniambia. "Wamevaa nguo mbalimbali tu. Muntu anayegawa ndugu kwa nguo, njo mujinga."

Baadaye akaona jambo la pili. Wako mama wengine ambao nusu ya mayai yao hugeuka meusi na kukauka, na ile nusu inayoanguliwa ni majike watupu. Si vigumu kuwajua: katikati ya bawa la nyuma jike ana madoa matatu meusi, dume ana manne, na lile la nne ndicho kifuko chake cha harufu. Papa alihesabu madoa kwa miaka. Binti wa mama wa namna hiyo naye huzaa mabinti tu, na mjukuu hivyohivyo.

Nami sasa lazima niseme la nyumbani, ambalo wengi wenu hamlijui. Mama alinizaa mimi, kisha akazaa wavulana watatu. Hakuna aliyefika siku arobaini. Shangazi Mwange, dada mkubwa wa Papa, akasema mbele ya ukoo, mlango ukiwa wazi na majirani barazani, kwamba tumbo la mwanamke huyu linakula wanaume. Papa alikuwa ameketi pale. Alitazama mikono yake. Hakusema ndiyo wala hapana. Kesho yake Mama alifunga kikwembe chake kiunoni, akapanda treni kurudi kwa watu wake Kabalo. Nilikuwa na miaka minane. Sasa nina ishirini na mitatu.

Miezi mitatu iliyopita hospitali ilimrudisha Papa nyumbani na kifua chake. Akaniita kizimbani.

"Feza, angalia. Mayai nusu yamekufa. Nani amewaloga hawa?"

"Hakuna, Papa."

"Hakuna. Njo maumbile. Nilinyamaza siku ile kwa sababu sikuwa na la kujibu. Sasa ninalo. Umupelekee mama yako aone kwa macho yake. Mwambie, mimi Kisimba nimeona: si kosa lako. Akikubali kuja, vizuri. Akikataa, anisamehe tu, nife nimesamehewa."

Alinipa vifukofuko kumi na kimoja, vya kijani laini, kila kimoja kimezungukwa na nukta za rangi ya dhahabu, vikining'inia kwa uzi kwenye vijiti ndani ya katoni ya sabuni. Zilibaki siku tano vipasuke. Treni ikienda vizuri, Kabalo ni siku moja na usiku wake.

"Vipepeo wakitoka njiani," akasema, "uwakunjie karatasi pembetatu, mmoja mmoja. Usiogope kuwashika. Huyu hafi ovyo. Ukimubana kifua analala, halafu anaamka anakwenda zake."

Kwenye reli, mpaka Niemba

Katoni niliitundika kwenye ndoano ya dirisha. Chini yake alikaa Mama Masengo, mchuuzi wa ndakala, na marobota yake matano ya samaki wakavu. Behewa zima lilinuka ziwa hata ziwa lilipokwisha kupotea nyuma yetu. Mto Lukuga ulikwenda nasi, mara kulia, mara kushoto, kama mtu asiyejua amsindikize nani.

"Binti," akaniuliza, "ile katoni unaitazama kama yai la mfalme. Kuna nini?"

"Vipepeo, Mama."

"Vya kula?"

"Hapana. Vya kuonyesha."

Akafikiri. "Watu wa Kalemie mumeshiba," akasema, akanikatia kipande cha muhogo wa kuchoma.

Niemba askari waliingia. Mmoja alifungua katoni, akaita wenzake kwa sauti ya chini.

"Sitwayeni," akaniita kwa lile jina la raia, "hii dhahabu umetoa wapi?"

"Si dhahabu, chef. Ni wadudu."

"Mududu gani anavaa dhahabu?"

Nilimweleza. Nilimweleza viwavi, majani, maziwa, na nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuamini kwamba nadanganya, maana mtu mwenye ukweli hana maneno mengi hivyo. Akachukua kifukofuko kimoja, akakikwangua kwa ukucha ili dhahabu idondoke. Kilipasuka. Maji ya kijani yalimtiririka kidoleni, na ndani ya maji yale palikuwa na bawa, dogo, lililokunjwa, lenye rangi tayari.

Hakuna aliyecheka. Askari alijipangusa kwenye suruali. "Pole," akasema, tena kwa dhati, akashuka.

Vikabaki kumi. Treni ilipoondoka, Mama Masengo akahamisha robota moja la samaki ili katoni isigongwe na miguu ya watu.

Siku nne za Nyunzu

Nyunzu mashine ya treni ilizimika. Walituambia itachukua saa mbili. Jioni wakatuambia asubuhi. Asubuhi hapakuwa na mtu wa kutuambia kitu. Mama Masengo alikuwa na mteja wake pale, mjane anayeuza chumvi, naye akatupokea sote wawili kama vile alikuwa ametutarajia. Tulikula bukari ya unga wa muhogo na mboga ya sombe, na ndakala wa biashara waliopungua kila siku, huku Mama Masengo akiapa kwamba kesho hakuna atakayewaonja tena.

Nilihesabu siku kama mgonjwa. Papa kule mlimani anahesabu pumzi, mimi huku nahesabu nukta za dhahabu. Siku ya tatu vifukofuko vikaanza kuwa vyeusi, kisha angavu kama kioo chenye moshi, na rangi ya tofali ikaonekana ndani. Asubuhi ya siku ya nne nilisikia mwenye nyumba akipiga kelele.

"Wewe! Hii katoni inakojolea chumvi yangu!"

Kweli, matone ya rangi ya kutu yalikuwa yakidondoka. Kipepeo akitoka hutupa maji ya mwisho ya utoto wake. Nilifungua. Tisa walikuwa wametoka, wamening'inia na mabawa mabichi yaliyokunjamana kama nguo iliyolowa. Wa kumi hakutoka kabisa. Sote watatu tulipiga magoti sakafuni, tukatazama mabawa yakijaa polepole. Watano walikuwa na ncha nyeusi. Wawili hawakuwa nazo. Wawili walikuwa na mabawa meupe nyuma. Tumbo moja. Nilihesabu madoa: matatu, matatu, matatu, mpaka wa tisa. Majike watupu, kama Papa alivyosema.

Nilipomaliza kuwakunjia karatasi, Mama Masengo akarudi kutoka uani na kitu ndani ya kitambaa.

"Huyu amekuponyoka. Nimemukuta kwenye majani ya viazi."

Alikuwa wa rangi ya tofali, ncha nyeusi, mkanda mweupe. Nilimbana kifua kidogo kama nilivyofundishwa, alale. Hakuamka. Ndipo nikamtazama vizuri: alikuwa kipepeo wa kuiga, jike wa ukoo mwingine kabisa, ambaye hana sumu wala uchungu, ila amevaa nguo ya wenye uchungu ili ndege wamwogope. Dume lake ni jeusi lenye madoa meupe kama mwezi, wala halifanani naye. Papa alikuwa akisema wa kweli huvumilia kidole, wa kuiga hufa.

"Umeua mutoto wa wenyewe," akasema Mama Masengo akicheka. Kisha aliona uso wangu, akakumbuka niliyomsimulia ya nyumbani, akakunja kitambaa chake taratibu. "Mimi pia nimezika wawili," akasema. "Wakike. Kwetu walisema ni mimi. Kwa wakike, kwa wakiume, kila mara ni mama. Kula, binti."

Kabalo

Treni ilipotengenezwa na kutufikisha, nilimuuliza mwanamke wa kwanza stesheni njia ya kwa Mama. Alinitazama uso, akasema, "Usitaje jina, nakuona," akanipeleka mwenyewe.

Mama alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Amenenepa kidogo. Nilikuwa nimetunga njiani maneno ya kumsalimu, maneno mazuri sana, mngeyapenda. Yalipotea yote. Nilisema, "Mama, shikamoo," kama mtoto wa shule, naye akaweka ungo chini, akanishika mashavu kwa mikono yenye vumbi la maharage, akanitazama muda mrefu bila kulia. Mimi ndiye niliyelia.

Mumewe, Papa Ilunga, mtu wa boti za mtoni, alinisalimu, akavaa kofia yake, akasema ana kazi bandarini. Hakuwa na kazi. Alitupisha.

Nikafungua karatasi moja moja mezani. Tisa, hai. Nikaeleza kila kitu kwa furaha ya mtu aliyebeba dawa: mayai meusi, madoa matatu, mabinti na wajukuu. Nikasema, "Papa anasema ameona. Si kosa lako. Ni maumbile."

Mama alisikiliza hadi mwisho. Yeye pia aliwahi kulisha viwavi vile; alijua kuuliza.

"Madume alibadilisha?"

"Alibadilisha, Mama. Alileta madume ya Lukuga, madume ya bandarini, ya kila mahali. Mambo yalikuwa yaleyale."

"Kwa hiyo haitoki kwa dume."

"Hapana. Inatoka kwa mama inakwenda kwa..." Nilisikia, kwa mara ya kwanza, nilichokuwa nimebeba tangu Kalemie.

"Maliza," Mama akasema. "Kwa binti. Inatoka kwangu inakuja kwako." Akamweka kipepeo mmoja kwenye kidole. "Mwange aliniita mla wanaume kwa siku moja. Papa yako amekaa miaka kumi na tano anatafuta mududu wa kumusaidia dada yake."

"Mama, hakutaka hivyo! Anakufa, anataka umsamehe!"

"Najua hakutaka. Kisimba hajawahi kutaka ubaya. Alikaa tu." Kisha akageukia mlango. "Ngoy! Banza! Kujeni musalimie dada yenu."

Waliingia wawili, wamelowa mto, mmoja wa miaka kumi na miwili hivi, mwingine wa tisa. Walinipa mkono. Wana paji la uso langu.

"Hawa nimezaa na Ilunga," Mama akasema walipotoka. "Tumbo hilihili. Halikula muntu."

Mama alikwenda mlangoni na vipepeo wote tisa, akawaachia, nao wakaelea polepole juu ya vitunguu vyake, bila haraka, kama wanavyoruka siku zote viumbe wasioogopa kuliwa.

Alinipikia samaki wa mtoni na bukari. Yeye hakula. Baada ya chakula alinikalisha kati ya magoti yake, akanisuka nywele bila kuniuliza, na ni hapo, akiwa nyuma yangu, nisipoweza kumwona uso, aliposema sharti lake.

"Samahani ya ndani ya katoni siitaki. Alinyamaza mbele ya watu, na aseme mbele ya watu. Mwange akiwa pale, mlango wazi. Aseme: huyu mwanamke hakula mtoto wangu hata mmoja. Akisema hivyo, nimemsamehe, hata bila kumuona. Asiposema, na aende hivyo."

"Na mazishi, utakuja?"

Alivuta fundo la mwisho kwa nguvu. "Hapa nina watu wa kupikia," akasema.

Kurudi

Nilipanda treni ya mizigo iliyokuwa ikirudi, juu ya magunia ya mahindi, siku tatu. Kila stesheni niliogopa kukuta mtu wa kwetu aliyenyoa kichwa kwa msiba. Sikuona kitu cha nchi ile. Ninyi mliozoea kunisikia nikisifu milima, samahani, sina mlima wa kuwapa.

Papa alikuwa hai. Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka kuwa pumzi, ilibidi niweke sikio mdomoni mwake. Njiani nilikuwa nimejiuliza mara mia: nimwambie habari za Ngoy na Banza, au nimwachie afe na vipepeo vyake? Lakini alikuwa mtu yule aliyenifundisha kuhesabu madoa. Nikamwambia.

"Umewaona kwa macho yako?"

"Nimewaona, Papa."

"Wangapi?"

"Wawili. Wazima."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, akipumzika kila neno: "Kizimbani nilibadilisha madume. Nyumbani dume lilikuwa moja tu. Sikulihesabu."

Nilimweleza sharti la Mama. Aliniambia nikamwite dada yake.

Shangazi Mwange alikuja jioni, na jirani yetu Mama Kalonda, anayemletea Papa uji, alikuwa ndani. Nikafungua mlango wote, nikaweka jiwe ili usirudi. Papa aliomba anyanyuliwe. Nilimshika mgongo, mwepesi kama kitu kilichokauka. Akamtazama dada yake, akasema. Niliyasikia maneno yote, moja moja, kama alivyotaka Mama: yule mwanamke hakula mtoto wangu hata mmoja. Kisha akaongeza moja ambalo hakuagizwa: nilinyamaza kwa woga.

Shangazi hakutikisika. "Anasema nini?"

"Anasema, Mama hakula mtoto wake hata mmoja. Anasema alinyamaza kwa woga."

"Nimekusikia wewe," Shangazi akasema. "Yeye sijamusikia."

Papa alijaribu tena. Nilihisi mbavu zake zikikusanya hewa chini ya mkono wangu, ikatoka hewa tupu. Mara ya tatu hata midomo haikusogea vizuri.

"Mimi nimesikia," akasema Mama Kalonda kutoka kwenye kona.

"Wewe si wa ukoo," Shangazi akamjibu, akasimama, akajifunga kikwembe vizuri, akatoka kwa mlango ule niliouacha wazi.

Papa alifariki siku ya pili yake, saa sita mchana. Wengi wenu mlikuwepo mazishini, mlimwona Shangazi akilia kuliko wote, na kilio chake kilikuwa cha kweli; sitasema vinginevyo.

Baada ya arobaini nilimwandikia Mama. Nilijaribu kwanza barua nyepesi: Papa alisema, mlango ulikuwa wazi, basi. Niliichana. Nikaandika upya yote: alisema mara ngapi, sauti ilikuwa kiasi gani, nani alisikia, nani alisema hakusikia, na yule asiye wa ukoo aliyekuwa kwenye kona. Nilimpa Mama Masengo aipeleke mwenyewe, maana anakwenda Kabalo na samaki wake.

Treni imerudi mara mbili tangu siku hiyo. Mama Masengo anasema alimpa mkononi, na Mama alisoma akiwa amesimama, akakunja karatasi, akamuuliza jambo moja tu: midomo ya Kisimba mbele ya Mwange ilisogea, ao haikusogea? Mama Masengo hakuwepo siku ile. Ananiuliza mimi amwambie nini safari hii, na treni inaondoka kesho.